Kwa wajukuu zangu wachekeshaji wa Tanga

Wajukuu zangu,

Marahaba. Naijibu shikamoo yenu kabla hamjaitoa, maana najua mkiona barua imetoka kwa mwalimu mstaafu wa Ngamiani mtaanza kuisoma mmekunja uso. Ukunjueni. Sikuja kuwafokea, wala sikuja kusema vichekesho vyenu ni uhuni, kama wasemavyo baadhi ya wazee wenzangu barazani. Navitazama. Vingine vimenichekesha hadi nikashika mbavu, na kile cha bwana harusi anayemwomba baba mkwe amkopeshe mahari nimekirudia mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Nataka tuzungumze habari ya Mind Your Language, ile tamthilia ya kuchekesha ya televisheni ya Waingereza. Mwaijua. Inakaribia miaka hamsini tangu itengenezwe, na bado vipande vyake vyazunguka kwenye simu zenu. Nimewasikia zaidi ya wawili mkiomba radhi elfu moja kwa sauti ya Ranjeet, mmoja wa wanafunzi wa mchezo ule. Tena nimeona kwamba mchezo ule ndio chuo chenu. Mkitaka kumwigiza Mmasai, Msukuma, Mmakonde au Mhindi, mwatazama kwanza jinsi Waingereza walivyowaigiza watu wa mataifa. Chuo si kibaya. Ila naona mmechukua lafudhi mkaliacha darasa, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Kwa wale waliouona vipande vipande tu, nieleze kidogo. Mtungaji alikuwa Vince Powell, kituo kilikuwa London Weekend Television, na ulianza kuonyeshwa mwishoni mwa Desemba 1977. Mwalimu kijana, Jeremy Brown, anayeigizwa na Barry Evans, anakwenda kuomba kazi ya kufundisha Kiingereza darasa la jioni jijini London. Mkuu wa chuo, Bi Courtney, hamtaki hata kidogo. Anampokea kwa mwezi mmoja wa majaribio kwa sababu hana mwingine. Anapoingia darasani anawakuta Ali Nadim wa Pakistani, Ranjeet Singh ambaye ni Kalasinga wa India, Giovanni Mwitaliano, Max Mgiriki, Juan Mhispania, Anna Mjerumani, Danielle Mfaransa, Su-Lee Mchina na kile kitabu chake chekundu cha Mao, Taro Mjapani, na Jamila, mama wa Kihindi mwenye kufuma sweta wakati wote kana kwamba darasa ni kibaraza cha kwake.

Sisi wa Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo mchezo huu wengi tuliuona miaka ya themanini kwa mikanda ya video, nyumbani kwa mwenye deki. Mtaani kwetu mwenye deki alikuwa mmoja, na sebule yake ilijaa hadi mlangoni: watoto mkekani, wanaume kwenye viti, sisi wanawake tumesimama na khanga zetu tukijifanya tumepita tu. Miongoni mwa waliokuwa hawakosi alikuwapo fundi wa magari, Kalasinga, jirani yetu wa siku nyingi. Yeye ndiye aliyecheka kuliko sote. Ranjeet akishika upanga wake kiunoni kumkaripia Ali, fundi hupiga paja na kusema, "Huyo shemeji yangu kabisa!" Kisha mkanda ukiisha husimama yeye, akatuigiza sisi Waswahili tunavyoleta gari gereji: salamu dakika kumi, habari za watoto, habari za mvua, halafu ndipo usikie, "Fundi, pesa tutazungumza." Sebule nzima hulia kwa kicheko, na mwenye nyumba, aliyekuwa akidaiwa kweli, huomba watu waende wakalale.

Mkumbukeni fundi huyo, nitamrudia.

Mimi mchezo ule ulinigusa pengine kabisa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na sisi walimu wa shule za msingi tukabebeshwa kisomo cha jioni juu ya kazi zetu za mchana. Nilikuwa binti, mgeni kazini, nikapangiwa shamba la mkonge upande wa Muheza. Nyinyi mkonge mwauona kama majani ya kupigia picha barabarani. Zao lenyewe lililetwa 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, likapandwa kwanza karibu na Pangani, na hadi miaka ya sitini nchi yetu ilikuwa ndiyo inayoongoza duniani. Lakini wenyeji wa hapa hatukupenda kuukata. Kazi ya mwiba na jua ile tuliikwepa tukasema tuna minazi yetu. Basi watu walitafutwa mbali, wakaletwa kwa malori na gari moshi, wakapewa kipande, ile kadi ya kazi, na kibanda kambini, wakaitwa manamba. Darasa langu lilikuwa hao na wake zao: Waha wa Kigoma, Wabena, Wanyaturu, Wanyamwezi, Warundi, Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na Wazigua wawili watatu waliojiona wao ndio wenye mji.

Mwaona basi kwa nini nilipomwona Brown akiingia darasani mara ya kwanza nilitamani kumwambia pole. Yale yote nilikuwa nimeyapitia. Nimekuwa na mzee wa Kiha aliyeandika herufi moja kwa dakika tano huku jasho likimtiririka, mtu ambaye asubuhi alikuwa ameshakata na kufunga matita bila kuhema. Nimekuwa na mama wa Kinyaturu ambaye kila nikimwuliza swali alijibu "Ndiyo" kwa furaha, hata nilipouliza mbili na tatu ni ngapi. Mmakonde wangu alikuwa hajui kusema sijui. Alisema "chijui", na wenzake wakamwita jina hilo hadi akazoea. Nao walinicheka mimi. Walisema Kiswahili changu kinavutwa kama kamba ya ngalawa, na kwamba sisi watu wa Tanga hata tukitoa habari ya moto twaanza na "ati". Siku moja walinichukua shambani wanifundishe kukata mkonge. Jani la kwanza tu liliniacha na damu ya kidole na khanga iliyochanika. Kicheko kilichopigwa pale nadhani kilifika Pongwe. Kesho yake jioni darasa lilijaa kuliko siku zote, na yule mzee wa Kiha, ambaye hadi siku ile hakuwahi kusimama mbele ya ubao, alikuja mwenyewe akaomba chaki.

Sasa rudini kwenye mchezo, mwutazame kwa macho hayo. Wale watu wana kazi. Giovanni mpishi, Juan mhudumu wa baa, Ranjeet yuko kwenye usafiri wa London, Anna na Danielle wanalea watoto katika nyumba za watu, Ali anahangaika kutafuta ajira. Wamechoka, ni usiku, nje baridi, na wamekuja kukaa kwenye madawati wajifunze lugha ya watu. Makosa yao yote yametoka humo. Ndiyo maana makosa yao yana akili: Taro anaweka "o" mwishoni mwa kila neno kwa kuwa ndivyo kinywa chake kilivyolelewa, Anna anabadilishana herufi mbili za Kijerumani na Kiingereza kila zinapokutana. Mtu anajibu swali vibaya, lakini jibu lake laweza kuwa sahihi ukilisikiliza upande wa pili. Hiyo ni kazi ya mtungaji aliyekaa chini akafikiri.

Kisha angalieni kicheko kinamwangukia nani. Mara nyingi aliyekosea amekwisha kukaa, ametulia, anajiona amefaulu; anayeteseka ni Brown, uso umemwiva, anatafuta namna ya kusahihisha bila kumvunja mtu. Hamcheki mwanafunzi wake hata mara moja kwa dharau. Mwenye kudharau ni Bi Courtney, na mara nyingi Bi Courtney hurudishwa ofisini akiwa ameshindwa. Nyinyi mkitengeneza vyenu, huyo Bi Courtney hayumo. Mwamweka anayekosea, mwaweka sauti ya kicheko, basi. Dharau yote mmeibeba wenyewe mlioshika simu.

Msidhani nausifu mchezo mzima. Kuna mahali wanikera. Danielle hana alichopewa zaidi ya kuingia darasani wanaume wote wakamkodolea macho. Hapo mtungaji alichoka mapema. Ugomvi wa Su-Lee na Taro ni uleule kila mara, na matusi yao yanajulikana kabla hayajatoka. Halafu watu kumi wa mataifa tisa waliandikiwa maneno na Mwingereza mmoja. Aliyemwigiza Max Mgiriki, Kevork Malikyan, ni Muarmenia mzaliwa wa Uturuki. Juan Mhispania alikuwa Ricardo Montez, mtu wa Gibraltar. Su-Lee aliigizwa na Pik-Sen Lim, mzaliwa wa Penang, Malaysia, na Kiingereza chake cha nyumbani kilikuwa safi kuliko cha wengi wenu mnaomwigiza. Waigizaji walikuwa hodari, lakini hodari wa kuvaa walichoshonewa.

Na kwao kwenyewe mchezo uliwaletea mzozo. Baada ya misimu mitatu, mwaka 1979, mkubwa mmoja wa kituo, Michael Grade, aliusimamisha kwa kuona unawadhalilisha wageni. Ulirudi kidogo 1986 kwa vipindi kumi na vitatu, kisha ukazima. Lakini wakati London wanauonea haya, nchi za watu waliochekwa zilikuwa zimeununua: India, Pakistani, Sri Lanka, Malaysia. Kenya pia. Mjukuu wangu mmoja husema hiyo ndiyo hoja ya kumaliza maneno: kama Wapakistani wenyewe walicheka, huyo Grade alikuwa na shida gani?

Nimeufikiria ubishi huo, na siamini kwamba Grade alikosea, wala siamini kwamba Karachi walikosea. Karachi, Ali alikuwa mtu wao aliyekwenda Ulaya akachekesha. Wakimaliza kutazama wanatoka nje na nje ni kwao, kila mtu anasema kama wao. London ya miaka ile haikuwa hivyo. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiandamana barabarani kutaka wageni wafukuzwe. Mpakistani wa kweli akitoka nyumbani asubuhi ya pili hukutana kituo cha basi na vijana wanaoitikisa shingo na kuiga sauti ya Ali, na yeye hakuwa na jukwaa la kuwaigiza wao. Kicheko kilekile, na katika mji mmoja ni starehe, katika mji mwingine ni jiwe mkononi mwa mtu.

Na sisi wa Tanga? Hapa nitawaambia jambo ambalo sijasikia mkilisema. Miongoni mwa wale wanafunzi kumi hamna Mwafrika. London ya 1977 ilikuwa imejaa Waafrika na watu wa Karibi, lakini kwenye darasa la Brown hayupo Mnaijeria, hayupo Mkenya, hayupo mtu wa Bagamoyo wala wa Lushoto. Tulicheka kwa raha zetu zote kwa sababu kiti chetu hakikuwekwa. Jaribuni kukiweka. Kiti cha kumi na moja, na juu yake amekaa Mdigo wa Tanga, kibarua wa bandarini aliyezamia meli. Angeandikiwa nini na Powell? Angevaa nini? Mwajua, na mimi najua. Angekuwa na mfupa na ngoma, angeulizwa kama babu yake alikula mishenari, na sebule ile ya deki ingekuwa kimya. Au pengine angeandikwa vizuri, tungempenda hadi leo. Sijui ni lipi, lakini mkae na swali hilo usiku mmoja kabla hamjawasha simu tena.

Mtaniambia: Bibi, sisi twafanya utani, na utani ni wa kwetu. Hapo ndipo nilipokuwa nawangoja.

Utani ni wa kwetu kweli. Wanyamwezi na sisi watu wa pwani tulitaniana tangu enzi za misafara, walipokuwa wakishuka na pembe na mizigo hadi baharini. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya kumi na tisa, leo ni watani. Wachaga na Wapare, hao hata sisemi. Lakini utani una masharti yake, na nyinyi mmelichukua jina mkayaacha masharti. Sharti la kwanza, mtani wako anajua kuwa ni mtani wako. La pili, na yeye anakurudishia, pale pale au kesho, na huna ruhusa ya kukasirika. La tatu ndilo zito: siku ya msiba anakuja.

Kule shambani alifariki nyapara mmoja, Mzigua, mtu aliyeheshimika. Tulipofika makaburini, yule mwanafunzi wangu Mnyamwezi alirukia kaburini akalala chali, akakunja mikono kifuani, akasema hatoki. Kaburi zuri kama hili, alisema, Mzigua atalifanyia nini, huyo azikwe chini ya mkonge aliokuwa akitusumbua nao. Hatoki mpaka alipwe. Watu wakachangishana sarafu huku wakicheka, mjane mwenyewe akacheka machozi yakimtoka, na kwa dakika chache ule msiba uliokuwa umetukaba koo ukalegea. Kisha alipanda, akakung'uta udongo, akashika jembe, na hakuna aliyefukia kaburi lile kuliko yeye. Alibaki hadi hitima, akichota maji na kupasua kuni za wafiwa. Ukimwuliza alipata wapi haki ya kumcheka maiti, hiyo ndiyo hati yake.

Kwa hiyo nikitazama kichekesho nauliza swali moja tu: huyu aliyechekwa, zamu yake ilikuwa lini? Fundi wetu Kalasinga zamu yake aliipata palepale sebuleni, mkanda haujarudishwa nyuma. Manamba wangu waliipata kwenye lile jani la mkonge.

Sasa nije kwenye kile kilichotoka stendi ya Kange. Sitawataja, mwajijua. Mlimkuta kijana mmoja, mchuuzi wa soksi na vitana, mgeni kutoka Kanda ya Ziwa kwa jinsi asemavyo. Mkamwuliza njia ya mahali pasipokuwapo, kwa maneno mliyoyachagua makusudi mkijua ulimi wake utayakwaa. Yeye, masikini, akaona wenyeji wamepotea mjini kwao, akaweka mzigo chini, akawaelekeza kwa bidii. Mkamrudisha maneno mara kadhaa. Simu ilikuwa imefichwa. Mkaweka picha za vikaragosi vyenye machozi ya kicheko, na watu wakaandika chini yake mambo ambayo sitayarudia.

Huyo hakuwa mtani wenu. Hakujua kuwa anachezwa. Hana mahali pa kuwajibu, na kesho yake alirudi Kange palepale kuuza soksi, safari hii kila apitaye anamwigiza. Yeye ndiye yule Mpakistani wa kituo cha basi cha London, ila kituo mmemletea Tanga. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini sitaki kuwatisha kwa sheria. Polisi hawajawahi kumfundisha mtu kuchekesha. Nawaambia kama fundi kwa mafundi: kile ni kichekesho kibovu. Hakuna mliyemtunga, hakuna mlichoandika, hakuna hatari yoyote mliyoiingia. Mtu mwema amesaidia watu watatu waongo, basi.

Nikawaza angefanya nini Mzee Majuto, mchekeshaji wetu mkubwa, katika mkasa ule ule. Amri Athumani, ndilo jina lake halisi, alikuwa mtu wetu wa hapahapa Tanga, na tangu atutoke Agosti 2018 sijamwona wa kumfikia. Nadhani mwamtazama mkicheka ule uso wake mkasahau kutazama alikosimama. Majuto karibu kila mara alikuwa yeye ndiye mjinga. Yeye ndiye mzee mroho, mwoga, mpenda vidosho asiye na nauli, anayejiona mjanja hadi sekunde ya mwisho. Angekwenda Kange kama mwenyeji mjuaji anayetaka kumtapeli mgeni, na mwisho angeondoka na soksi sita asizozihitaji, moja ya kulia na tano za kushoto, akimshukuru aliyemwuzia. Muuza soksi angebaki na lafudhi yake, tena ingechekesha, kwa sababu mwenye nayo ndiye aliyeshinda.

Kuigiza lafudhi sikukatazi. Nchi yenye makabila zaidi ya mia moja na ishirini ikikatazwa kuigizana itakufa kwa uchovu. Lakini kama wataka kumwigiza Msukuma, kaa naye. Ujue anakosea wapi na kwa nini, na wapi hakosei kabisa bali wewe ndiye usiyesikia. Mpe kazi, mpe deni, mpe mke anayemgombeza. Mpe na jambo analolijua kuliko wewe. Ukimaliza, mwonyeshe yeye kwanza kabla ya watu wa Dar hawajaona. Akicheka, umepata mtani. Akinyamaza, mwulize.

Na kwa kuwa watu wa Dar nimewataja: mwajua wao wakitaka kumwigiza mtu wa Tanga hufanyaje. Humpa hirizi, humwita mgosi, humfanya hajui kazi ila mapenzi na uchawi. Mwenzenu mmoja alinijia analalamika kuhusu kichekesho cha namna hiyo, kauvimbisha mdomo, na wiki ileile yeye ndiye aliyeshika simu Kange. Nilimpa chai, sikumwambia kitu, nikaja kuandika hapa.

Jambo la pesa nilipitie haraka, maana mwalimu wa kisomo hawezi kuwafundisha utajiri. Barry Evans aliyekuwa Mwalimu Brown, uso uliojulikana nusu ya dunia, miaka yake ya mwisho aliendesha teksi, akafariki 1997. Na Majuto alipougua, habari za mikataba yake ya matangazo zilizungumzwa nchi nzima, mnazikumbuka. Wakija watu na karatasi wakitaka sura zenu kwenye matangazo, isomeni yote, na msipoielewa nileteeni. Kusoma bado naweza.

Lililobaki ni ombi. Nataka mtunge mchezo, mrefu, si wa dakika moja. Darasa la kisomo kwenye shamba la mkonge, mwaka ule wa 1970 au hadi mtihani wa taifa wa 1975, mtakapopenda. Watu wote nitawapa mimi, na maneno yao, na nyimbo walizokuwa wakiimba wakirudi kambini. Mwalimu binti asiyejua kukata mkonge awemo, msimwonee huruma. Bi Courtney wetu pia awepo. Kila shamba lilikuwa na karani aliyewasomea watu barua zao akijiongezea chumvi na senti hamsini, na huyo hakukipenda kisomo hata kidogo. Nina sharti moja tu: Mha aandikwe na Mha akiwa amekaa mezani, Mmakonde vivyo hivyo. Tanga hii hamtawakosa, wengine ni wajukuu wa wanafunzi wangu na mwakaa nao nyumba moja bila kujua.

Njooni Jumamosi baada ya Laasiri. Pilau msilete, daktari amenikataza mafuta, leteni madafu. Kabla ya Jumamosi kiondoeni kile cha Kange, kisha mwende mkamtafute yule kijana, mumweleze mlichofanya, mnunue soksi kwa bei atakayotaja. Akikubali, aje naye. Ana haki ya kuwauliza njia, kwa Kisukuma au kwa lugha yoyote aijuayo, na siku hiyo simu ataishika yeye.

Bibi yenu na mwalimu wenu,
Ngamiani, Tanga